Uso wa Dirishani

SEHEMU YA TISA

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya kompyuta ya mhariri, kidole changu kwenye skrini, nimetamka maneno manne tu.

"Hapo mimi sikuwa naigiza."

Chumba cha uhariri ni kidogo kama kabati. Tulikuwa watano ndani yake, pamoja na feni inayogeuza shingo bila kupuliza chochote. Wa kwanza kucheka alikuwa Mkasi, mhariri wetu wa picha.

"Dada, usitutanie. Kipande hiki nimekitazama mara thelathini. Mara ya ishirini nilimpigia simu mchumba wangu wa zamani."

"Akasemaje?" aliuliza Bi Kalamu, mwongozaji wetu.

"Alipokea mumewe."

Poda, mpambaji, alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwa bado naangalia skrini. Uso wangu ulikuwa bado unaniangalia.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuufungua ukurasa huu, karibu, hujachelewa. Tamthilia yetu inaitwa Mkabala. Ni dakika kumi tu, kila Jumamosi saa moja jioni. Mimi ni fundi cherehani. Ng'ambo ya ujia yupo fundi saa. Wiki kumi na mbili tumependana kwa kuazimana mwavuli.

Hakuna aliyesema neno, kwa sababu Bi Kalamu hufuta maneno. Mwandishi akileta kurasa kumi, yeye hurudisha tatu, zimejaa wino mwekundu. Sheria yake ni moja: atakayesema "nakupenda" mbele ya kamera ananunua chakula cha mchana cha kikosi kizima.

"Tazameni mikono," hutuambia kila siku. "Mdomo umelelewa, unajua adabu. Mikono haijui."

Katika sehemu ya mwisho, fundi saa anafunga kibanda chake, anahama. Anainua macho. Mimi nipo dirishani. Namtazama kwa sekunde kumi na tisa. Basi. Mapenzi yenyewe ndiyo hayo, na kwaheri yenyewe ndiyo hiyo.

Ukweli wa kazini ni mwingine. Yule bwana alipigwa picha Jumanne hii, anatazama kipande cha gundi ya karatasi kilichobandikwa kwenye stendi ya taa. Mimi nilipigwa wiki sita kabla yake. Mkasi ndiye aliyetuoza.

"Kama hukuwa unaigiza, ulikuwa unafanya nini?"

Aliyeuliza ni Jicho, mpiga picha wetu. Alikuwa ameegemea mlango, kijiti cha meno mdomoni.

"Nilikuwa napokea simu."

"Simu iko wapi? Mikono yote miwili naiona."

"Ndani ya mtandio. Upande wa uso usioonekana."

Huo ulikuwa ubunifu wangu mwenyewe. Fundi cherehani wangu hushindilia simu kati ya sikio na mtandio, apate kuongea huku anashona. Bi Kalamu alinisifu kwa hilo mbele ya watu.

Jicho aliacha kutafuna.

"Simu ya nani?" aliuliza Bi Kalamu.

"Ya shemeji yangu. Aliniambia mdogo wangu amefariki."

Feni iligeuza shingo kushoto. Ikageuza kulia.

Natamani niwaambie kwamba nilitetemeka. Hapana. Nilisema kama mtu anayesoma namba ya mlango. Nilijipekua nione kama kuna kinachouma, nikagundua kiatu cha kushoto kinanibana. Hicho tu.

"Mungu wangu," alisema Poda. "Kibao!"

Kampuni yetu ni ndogo, kwa hiyo Poda anayetupaka rangi ndiye anayegonga kibao, kile chenye namba ya kipande. Kawaida hugongwa mwanzoni. Ukisahau, unagonga mwishoni, umekishika kichwa chini miguu juu. Mhariri akiona kibao kimepinduliwa anaelewa: vyote vilivyotangulia ni kazi halali, tumia upendavyo.

"Siku ile mwanzoni nilisahau," Poda alisema. "Nilikuwa natafuta brashi. Bi Kalamu akasema 'kata', lakini kamera ikaendelea..."

"Nilikuwa napima mwanga," alidakia Jicho. "Mimi nilikuwa napima mwanga tu."

"...ndipo nikakumbuka. Nikaja na kibao changu, kichwa chini, paa! Na huyu mtoto bado kasimama dirishani. Nikamwambia, 'Hongera, leo umeua.'"

"Ukanipiga begani," nilimkumbusha.

"Nikakupiga begani! Nisamehe, mwanangu. Nisamehe sana."

"Haya."

Jicho naye akaomba radhi. Mkasi akaomba radhi, akaomba tena kwa niaba ya kompyuta. Kwa dakika moja nilikuwa nimeombwa radhi mara tano, na sikujua pa kuziweka.

Bi Kalamu hakuomba. Alivuta kiti karibu yangu.

"Siku ile ulifanya kazi mpaka saa kumi," alisema. "Ulishona gauni zima. Ukatuaga vizuri."

"Ndiyo."

"Msibani ulilia?"

"Hapana."

"Na baadaye?"

"Bado."

Mliosoma sehemu ya sita mnayajua haya. Homa ilimchukua mdogo wangu kwa siku nne. Tulimwita Kitinda, kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama. Ameacha binti wa miaka miwili na nusu, Kijino, ambaye wiki hizi sita amekaa kwa mama yangu. Lakini magoti ya mama yamechoka, na mtoto anakimbia. Ilibidi atafutiwe nyumba.

Siku ya tatu ya ile homa, tukiwa wawili tu wodini, Kitinda alinishika kidole. "Nikiondoka, Kijino awe wako," alisema. Mimi nikamwambia asiongee upuuzi, anywe maji.

Familia haitaki kunipa. Kisa kimoja: sikulia. Shangazi, dada wa marehemu baba, alilisema kaburini bila kushusha sauti. "Huyu machozi yake yako televisheni. Mtu asiyeweza kumlilia ndugu yake ataweza kumlea mtoto wa ndugu yake?"

Na siku hiyohiyo tuliyokuwa tumejazana kwenye kile chumba, saa nane mchana, familia ilikuwa inakaa kutoa uamuzi.

"Kipande kinaondoka," Bi Kalamu alisema. "Nitapiga upya leo hii. Utasimama pale, utatazama gundi, tutamaliza."

"Siwezi kukirudia."

"Wewe ni mwigizaji."

"Ndiyo maana najua siwezi."

Nikamgeukia Mkasi.

"Nataka kujua kitu. Mwondoe fundi saa. Baada ya uso wangu weka kitu kingine chochote."

Vidole vya Mkasi ni vyepesi. Akavuta picha ya kikombe cha chai kutoka sehemu ya pili, akakipachika. Uso wangu. Kikombe. Uso wangu.

"Ana kiu," alisema Poda.

"Kingine."

Akaweka mtoto aliyelala, kutoka sehemu ya tano. Uso wangu. Mtoto. Uso wangu.

"Mama huyo," alisema Jicho. "Anaogopa kumwamsha."

"Weka kitanda kitupu."

"Sina kitanda kitupu, dada. Nina meza iliyokwisha kufutwa."

"Weka hiyo."

Uso wangu. Meza, juu yake hakuna kitu. Uso wangu.

Poda alianza kulia polepole kwa ajili yangu, akijipangusa kwa pamba ya kazini.

Uso ulikuwa uleule. Haukuwa umesogea hata kope. Waliobadilika ni wao.

"Umeelewa sasa?" alisema Mkasi, safari hii bila mzaha. "Ukimpelekea mama yako sura hii peke yake, ataona anachotaka kuona. Na huyo shangazi yako ataona zaidi."

"Ndiyo maana siitaki sura. Nataka kipande chote, kabla hujakikata ukingo. Tangu 'kata' mpaka kibao. Na sauti yake."

"Sauti ipo?"

"Nilikuwa na kipaza sauti kwenye kola."

Alitafuta. Akavaa vipokea sauti masikioni. Nilimwona akisikiliza. Nikamwona akivivua taratibu kama mtu anayevua kofia.

"Dada," alisema. "Humu ndani hupumui."

Alikihifadhi kwenye kompyuta yake ndogo, akanikabidhi mashine nzima, na chaja.

"Na huu uso wa mapenzi?" Bi Kalamu aliuliza. "Kituo kinausubiri. Nikiambie nini?"

"Upeleke."

"Una hakika?"

"Sina chochote, Bi Kalamu. Lakini upeleke. Watu wamesubiri wiki kumi na mbili."

Kisha akatoa kalamu yake nyekundu, akafuta kitu kwenye daftari lake. Sijui alifuta nini.

*

Nilifika kwa mama saa nane kasoro dakika tano.

"Umechelewa," alisema Shangazi.

"Saa nane bado, Shangazi."

"Wenye uchungu walifika saa saba."

Bi Kalamu angeipenda sebule ile, maana kila kitu kilikuwa kimeshasemwa bila mtu kufungua mdomo. Kochi kubwa lilikuwa la Shangazi na mkoba wake. Shemeji, mume wa Kitinda, alikaa karibu na mlango kama mtu anayesubiri kuitwa, akizungusha funguo za lori kwenye kidole. Yeye huendesha malori ya safari ndefu, hulala kwake siku mbili kwa wiki. Kijino alikuwa chini ya meza, anapanga vijiko ndani ya kikombe cha plastiki.

Na mama alikuwa anakunja nguo za mtoto, anaziweka ndani ya begi.

Begi lilikuwa la Shangazi.

Nililitazama lile begi, na nilikuwa nimeshajibiwa. Nilikaa hata hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Tusizunguke," alisema Shangazi. "Mtoto anakuja kwangu. Kwangu kuna watu, kuna kelele, kuna wa kumwogesha. Wewe unaishi na cherehani ya uongo."

"Ile cherehani ni yangu mwenyewe, Shangazi, na inashona. Gauni ulilovaa siku ya harusi ya Kitinda nilikushonea mimi, kwa mashine ileile."

"Ndiyo maana lilinibana."

Shemeji alikohoa kuficha kicheko. Mama hakucheka. Alikunja soksi mbili, akaziweka begini.

"Kitinda aliniambia awe wangu," nilisema.

"Alikuambia nani akiwepo?"

"Mimi."

"Basi shahidi hakuna."

Kijino alitoa kichwa chini ya meza, akaniona. "Mama mkubwa," aliita, kisha akarudi kwenye vijiko vyake. Kwake mambo yalikuwa yameshaisha.

"Shemeji," alisema shemeji, "usinielewe vibaya. Sina ugomvi na wewe. Lakini ile simu siwezi kuisahau. Nimechanganyikiwa, sijui nimpigie nani, nikasema nikupigie wewe, maana mlipendana. Nikakwambia ameondoka. Ukasema 'sawa'. Kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Sawa! Halafu ukanikatia simu. Nikabaki na marehemu na simu mkononi."

Funguo zilizunguka. Zikazunguka.

"Nitamkabidhije mtoto kwa mtu wa namna hiyo? Niambie wewe."

Nilifungua kompyuta, nikaiweka mezani, juu kabisa ya kichwa cha Kijino.

"Siku ile nilikuwa kazini," nilisema. "Kamera ilisahaulika. Ile simu imo humu."

"Umetuletea filamu?" Shangazi aliuliza. "Msibani hakuleta hata leso, leo katuletea filamu!"

"Shangazi, ni dakika moja na nusu."

"Na mwanamume wako mwenye saa yumo?"

"Hayumo."

"Basi haina maana." Lakini alikuwa ameshavaa miwani.

Nikabonyeza.

Picha ilikuwa pana, siyo ile iliyokatwa ya televisheni. Dirisha lote lilionekana, na mimi mpaka kiunoni, na mikono yangu juu ya kitambaa cha bluu. Sauti ya Bi Kalamu: "Kata." Sauti ya Poda mbali, analalamikia brashi. Kisha mtetemo wa simu. Mkono wangu wa kushoto ulipanda ndani ya mtandio, ukabonyeza, ukarudi juu ya kitambaa.

Ndipo sauti ya shemeji ikatoka, nyembamba, kama inatoka ndani ya kopo.

"Shemeji... ameondoka. Sasa hivi. Ameondoka."

Sauti yangu: "Sawa."

Kisha hakukuwa na kitu. Mimi, dirisha, mikono. Sekunde zinakwenda. Kwenye kona ya picha, pazia lilijaa upepo likashuka. Mimi sikujaa kitu, sikushuka.

Halafu, ndani ya ule mtandio, ule mlio wa simu iliyokatwa. Tuu. Tuu. Tuu. Ukalia, ukalia, mpaka ukachoka wenyewe.

Kibao kikaingia kichwa chini. Paa. "Hongera, leo umeua," alisema Poda. Nikaifunga.

Shangazi alivua miwani.

"Machozi yako wapi? Nimevaa miwani ya daktari na sijaona hata tone."

"Hayamo," nilisema.

"Si umekiri mwenyewe! Wifi, umesikia? Kakiri!"

Mama alikuwa ameacha kukunja.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Akatazama amesogeza kiti. Sauti nyembamba ya shemeji ikasema ameondoka kwa mara ya pili, na shemeji mwenyewe akainamisha kichwa. Ikaisha.

"Tena. Zima sauti."

Nikaizima. Mara ya tatu mama hakutazama uso wangu kabisa. Niliona macho yake yanakokwenda. Mama hajawahi kukaa kwenye chumba cha Mkasi wala kumsikia Bi Kalamu, na tamthilia yangu huiangalia huku anachambua mboga. Lakini macho yake yalishuka yenyewe mpaka kwenye kile kitambaa cha bluu, yakatulia hapo mpaka mwisho.

"Mikono yako haikwenda kwenye simu," alisema.

"Hapana, mama."

"Toka aliposema mpaka mwisho. Haikunyanyuka."

"Hapana."

"Sasa simu ilikatwa na nani?"

Funguo zilisimama.

Shemeji aliziangalia funguo zake kama ndiyo kwanza anaziona. Ni mtu mkubwa, mabega ya kubeba matairi. Sebuleni mle alionekana kama kavaa mwili wa mtu mwingine.

"Mimi," alisema.

"Nini?" Shangazi alifoka.

"Nilikata mimi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Aliposema sawa hakusema tena kitu. Nikasikia kimya. Kimya kile... nilishindwa, mama mkwe. Nilikata. Halafu nikajiambia kakata yeye. Nikawaambia ninyi. Nimewaambia watu wote. Mpaka nimeanza kuamini."

"Wiki sita," alisema mama.

"Wiki sita."

Alifungua begi la Shangazi, akatoa gauni dogo la njano alilokuwa amelikunja karibuni. Akaliweka kwenye mkono wa kiti changu. Hakunitazama. Akatoa la pili, akaliweka juu ya la kwanza.

Wasomaji wangu, nilijua maana yake. Hata mtoto angejua. Nilisubiri furaha ije kunipa mkono. Haikuja. Niliona tu kwamba lile gauni la njano lina kifungo kimoja kimelegea, na nikapanga kukikaza jioni.

Shangazi aliona magauni yanahama. Hakuwa mtu wa kukaa kimya begi lake likipungua.

"Wifi, subiri kwanza. Subiri. Nina swali moja." Alinigeukia. "Picha hii inakwenda wapi?"

Ningeweza kusema uongo. Ni kazi yangu, nina cheti chake.

"Televisheni," nilisema. "Kesho saa moja jioni. Uso tu. Bila sauti."

"Utakuwa unatazama nini?"

"Fundi saa."

"Yaani watu waone nini?"

"Mapenzi."

Mama alisimamisha mkono. Ulikuwa umeshika gauni la tatu.

"Uso wa siku aliyokufa mwanangu," alisema polepole, "utauonyesha kama unamtamani mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

"Umewaruhusu?"

"Nimewaruhusu."

"Unaona!" Shangazi alipiga paja. "Unaona sasa! Msiba wetu umekuwa maigizo! Kesho majirani watakaa na chai yao, wanasema ona mapenzi, ona mapenzi, kumbe wanamwangalia Kitinda akifa!"

Gauni la tatu halikufika kwenye kiti changu. Lilibaki mapajani mwa mama. Kisha mkono wake ukachukua yale mawili, moja baada ya jingine. Hakuyarudisha begini. Aliyakusanya yote matatu, akayakumbatia.

Kwa hiyo Kijino hakuwa wangu wala wa Shangazi. Alikuwa mapajani mwa mama, ndani ya magauni yale, akingoja neno.

Wa kwanza kusogea ni shemeji. Aliinuka pale mlangoni, akaja mpaka mbele yangu, akashindwa afanye nini na urefu wake, akapiga goti moja.

"Shemeji, nisamehe. Nilikuchafulia jina. Mbele ya hawa wote, nisamehe."

"Nimekusikia," nilisema. "Inuka."

"Umenisamehe?"

"Inuka, shemeji. Utaumiza goti."

Shangazi alipumua kwa nguvu. Sasa alizungumza kwa sauti ya mtu mwenye huruma, sauti ambayo hatujaizoea.

"Haya. Mimi si mtu wa ugomvi." Mama alikohoa. "Kosa lilikuwa la pande mbili. Yeye mwanamume, mfiwa, kaomba radhi kwa goti. Na wewe omba. Omba kwa ile 'sawa'. Omba kwa kupeleka uso wa msiba kwenye mapenzi ya kuigiza. Neno moja tu, la dhati. Ukiomba, mtoto mchukue leo hii. Begi nitakubebea mimi mwenyewe mpaka barabarani. Watu wote mashahidi."

"Na asipoomba?" aliuliza shemeji.

"Asipoomba naondoka na mtoto, na nyote mtajua kwa nini."

Wote walinigeukia. Kijino alitoka chini ya meza, akashika goti langu kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kijiko.

"Sema, mwanangu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Ni neno tu. Lile jambo la televisheni tutalizoea. Wewe sema, mchukue, tuishe."

Mama alikuwa ananipa mtoto. Alikuwa ameshaamua, macho yake yalionyesha hivyo. Alichotaka ni mlango wa kupitia.

Na lile neno mimi nalijua. Nimelisema mbele ya kamera mara zisizohesabika. Najua pumzi yake inaanzia wapi, najua mahali pa kuvunja sauti, najua chozi lishuke jicho lipi ili taa ilinase. Ningelisema pale sebuleni mara moja tu bila kurudia, na Shangazi mwenyewe angelia, angenikumbatia, angesema kumbe mtoto ana moyo.

Nilimtazama Kijino. Nilimtazama mama. Nilifungua mdomo, na shemeji akashusha mabega yake kwa nafuu, kwa sababu alijua linalokuja.

"Shangazi," nilisema, "namtaka mtoto huyu. Sijui kulisema hili kwa sauti mnayoitaka, lakini namtaka kuliko kitu chochote nilichobaki nacho."

"Basi sema neno."

"Niliambiwa mdogo wangu amekufa, nikasema sawa. Ndilo lililokuwepo mdomoni. Na uso ule ndio niliokuwa nao. Siombi radhi."

"Hata kwa mama yako?" Shangazi alisimama, mkono tayari kwenye bega la mtoto. "Hata kwa mama yako mzazi?"

Mama alikuwa amefumba macho.

"Hata kwake. Siombi radhi."